Manjanja Chini ya Miguu ya Mama

Nimechoka na hii motokari, rafiki yangu, nikuambie mapema usidhani nataka kuisifu. Wiki iliyopita niliipeleka tena kwa fundi wa kuchomelea vyuma, hapa Masisi. Hata sijakaa vizuri, amekwisha kudidimiza turnevis, ile bisibisi yake, kwenye sakafu ya jeep, upande anaokaa Mama. Iliingia kama kwenye ndizi mbivu.

“Kaka, hapa kutu imekula yote,” akasema akipangusa mikono. “Nikate sakafu muzima, niweke chuma mupya, nzito? Ao nibandike tena kiraka juu ya kiraka?”

Ningejibu papo hapo kama kile kiraka cha zamani kingekuwa kiraka tu. Lakini ni kipande cha manjanja ya nyumba yetu ya Ngungu, yale mabati yaliyotufunika utotoni, na katika nyumba ile hakuna kitu kingine kilichobaki.

Jeep ilikuwa ya Papa. Aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, na tayari ilikuwa inakohoa. Papa aliitumia kupeleka maziwa na fromaje, yaani jibini, Goma. Sisi watoto tuliosha mabidoni ya maziwa kwa maji ya moto, tukageuza fromaje kwenye mbao, tukaiba vipande vya pembeni vilivyokuwa bado laini. Maji ya chumvi yalichuruzika kwenye sakafu ya jeep safari kwa safari, na hapo ndipo kutu ilipoanzia. Harufu yake, we! Shuleni walitujua kabla hatujaingia darasani.

Na mvua. Wewe uliyelala chini ya manjanja bila dari, unajua mwenyewe. Ikianza kupiga wakati wa sala ya jioni, Papa anapaaza sauti mpaka shingo inavimba, na sisi tunachezesha midomo tu bila kusema neno, mpaka Mama anatufinya. Maharagi yanachemka, hatuyasikii. Kila msumari wa juu Papa aliuwekea kipande cha kandambili kuukuu ili maji yasipite. Zangu za bluu ziliishia huko juu zote, na bado palivuja.

Siku watu walipoanza kushuka mlima na magodoro kichwani, wakikimbia vita, Papa alipanda juu ya nyumba na nyundo. Kwetu watu wanakimbia hivyo: kuta zinabaki, manjanja yanakwenda. Tuliyapakia juu ya jeep, nasi tukajibana ndani na ndama mmoja. Njiani yakapungua. Mengine tuliyabadilisha na maharagi, mengine yakafunika jirani aliyekuwa amejifungua chini ya mti. Tulipofika Masisi lilibaki moja, na kwa moja huwezi kufunika hata jiko. Tukapanga nyumba ya watu. Sakafu ya jeep ilikuwa imeanza kutoboka, basi Papa akalipondaponda lile bati mpaka likalala, akalikaza hapo kwa riveti.

Matundu ya misumari hakuyaziba vizuri. Tukivuka kidimbwi, maji yanaruka yanampata Mama miguuni. Papa anacheka, “Eh, Mama, hata nyumba yetu ilikuwa inavuja!” Nasi tunacheka naye. Mama akajifunza kuinua miguu kabla ya kila kidimbwi, hata akiwa amesinzia. Mimi nilikuwa nafunga macho, kwa sababu maji yakilipiga lile bati kutoka chini, sauti yake ni ileile ya mvua ya Ngungu. Nilikuwa narudi nyumbani kila tulipopita kwenye matope, na Masisi, unajua, matope hayakosi.

Papa tulimzika. Nikarithi jeep, na maziwa, na hii barabara inayonivunja kiuno.

Basi nikamwambia fundi abandike kiraka, lile bati libaki. Akatikisa kichwa. Ni jembamba, moto utalitoboa, na vyuma vya pembeni vimeisha, riveti zitashika wapi? Nikakasirika, nikamwambia atafute namna. Mama alikuwa kwenye benchi nyuma yetu, anasikia yote.

“Kata,” akamwambia fundi.

“Mama, hii njo nyumba yetu!”

“Nyumba gani? Yenye kulowesha muntu miguu? Papa yako alikuwa anacheka, na nyinyi munacheka. Miye nilikuwa nalowana. Tangu Ngungu hii miguu haiyakauka. Niko muchofu, mutoto wangu.”

Akainua kitenge kidogo. Alikuwa amefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu, kama kila safari, na vifundo vya miguu vimevimba. Nilikuwa nimezoea kuiona ile mifuko. Moyo uliniuma, nikasogea fundi apite.

Fundi akakata. Kile kipande akakitupa kwenye rundo la vyuma nje. Nikakifuata, nikakiokota. Kwenye tundu moja kulikuwa bado na pete ya kandambili ya bluu. Nilipoigusa ikawa unga.

“Unaipeleka wapi?” Mama akauliza. “Hatuna hata ukuta yetu ya kuiegemesha.”

Nikakirudisha kwenye rundo. Kilikuwa chepesi sana, rafiki yangu.

Jana tulikuwa tunatoka Nyabiondo, mvua imetoka kunyesha. Tukaingia kwenye kidimbwi cha kwanza, sikusikia kitu. Chuma kipya ni kinene, kinameza kila sauti. Mbele kulikuwa na kingine, kikubwa, na nafasi ya kukikwepa ilikuwepo. Sikukikwepa. Nikapita katikati huku nimetega sikio kama mjinga, nikisubiri Ngungu. Kimya. Nikageuka kumtazama Mama. Alikuwa amelala, viatu amevua, nyayo zote mbili ziko chini kwenye sakafu, na hakuinua miguu.