Reli ya Babu Shambani

Mnisamehe kwa makosa ya maandishi na mwandiko wangu mbaya. Mimi huandika polepole. Leo nimepita penye rundo la vyuma vikuukuu, nikasikia harufu ya grisi na kutu iliyopigwa na jua, na tangu hapo sijatulia.

Babu alifanya kazi ya reli Tanga kabla ya kurudi Omani. Shambani kwetu Al Qabil alitandika reli fupi, kutoka mitendeni hadi kwenye masufuria ya kuchemshia tende. Katikati iligawanyika, naye huvuta mtaimbo kugeuza njia, kigari cha kubebea tende kiende motoni au kwenye majamvi ya kuanikia. Bibi alimpa msimu mmoja tu, ikimshinda, aing'oe.

"Jitenge, bibi, gari la mizigo linapita," babu alimwambia.

"Hilo gari au jeneza?" bibi akamjibu.

Siku moja ya msimu huo ilikuwa zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji. Babu aliyafungulia shambani kama kila zamu, kisha akarudi kusukuma kigari kilichojaa. Ardhi chini ya reli ilikwishalainika. Reli zikaachana, kigari kikalala ubavu, tende zikamwagika topeni.

Bibi hakucheka. Aliinama akaanza kuokota.

"Yalla, bwana, lete kikapu," alisema. "Huko Tanga hawakuwa wakinywesha reli."

Babu hakukaa kitako. Kabla ya magharibi alikwishaing'oa yote, bila kuambiwa.

Vyuma bado vipo nyuma ya banda. Kama yupo aliyewahi kutandika reli kwenye ardhi inayonyweshwa, tafadhali aniandikie alifanyaje.