Boti ya Mnyuzi iliyogoma kukimbia: tulirekebisha vitu vitano, hadi leo sijui dawa ilikuwa ipi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi. Hata pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Asubuhi moja nilitoka Handeni bila mpango wowote. Shule niliachia darasa la sita, na nikisikia roli linaunguruma miguu inaniwasha. Nikapata lifti hadi Korogwe, nikaunganisha hadi Mnyuzi. Mchana nikawa kando ya Mto Pangani.

Pale nikamkuta Mzee Mhina, anavusha watu na machungwa kwa boti ya fiberi yenye injini ya kufunga nyuma.

Injini inalia kama mashine ya kusaga. Boti inatambaa kuja ukingoni.

Mkewe, Mama Zaina, alikuwa ukingoni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kama umekuja kuvuka, pitia darajani, utawahi. Abiria wengi wamehamia huko. Kesho mnunuzi anaichukua hiyo injini."

Mzee akainama. Aliuza bodaboda yake ili ainunue.

Nikachungulia ndani. Magunia yote yamebanana nyuma, karibu na injini, pua ya boti inatazama mawingu.

"Mzee, mbona yote nyuma?"

"Mzigo unakaa nyuma, bwana! Umeshaona bodaboda imepakia gunia kwenye usukani?"

Nikamwomba tujaribu mara moja tu.

Tukayasogeza yote mbele. Pua ikazama, maji yakaingia, spidi ikazidi kufa. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nyuma kubaya, mbele kubaya!

Tukayaweka katikati. Tukaona bora tukague kila kitu kabla ya kujaribu tena.

Chini ya mbao za sakafu kulikuwa na maji, tukayachota. Tumboni kwa nje boti imeota utelezi wa kijani, tukaukwangua. Pangaboi la injini, lile linalosukuma maji, lina jani moja lililopinda, tukalinyoosha kwa nyundo. Halafu nikaona injini imeinuliwa kwa kipande cha ubao, maana Mzee anaogopa mawe. Pangaboi lilikuwa linachota hewa badala ya maji. Tukautoa ubao.

Tukawasha, tukapandisha mto. Wakuu, kofia yangu ilipeperuka!

Mama Zaina akampigia mnunuzi simu palepale. "Usije, baba. Haiuzwi tena."

Mimi sasa udadisi ukanipanda. "Mzee, turudishe kimoja kimoja, tujue tatizo lilikuwa lipi."

"Wee! Inakimbia, halafu uiharibu ili upate elimu? Mama Zaina, mpe huyu chumba cha uani akalale, kabla hajanifungulia injini!"

Nikapewa chumba, mkeka na ugali wa moto. Nikalala nikiwa sielewi.

Nilichojifunza: ukitengeneza kitu, badilisha kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Sisi tuligusa vyote kwa pamoja, tukapata spidi tukakosa jibu.

Wenye uzoefu wa boti, nitoeni gizani. Ni mzigo, maji, utelezi, pangaboi au ule ubao? Mkibishana ndiyo vizuri zaidi, nasoma zote.