Chapati ya Kupimia Moto

Picha ziliingia kwenye simu ya mama mdogo tukiwa uani Ngamiani, yeye anasukuma chapati, mimi nasubiri ile ya kwanza. Kwetu chapati hupikwa Ijumaa, na ya kwanza ni ya kupimia moto: inatoka imepinda, huku imeungua, huku mbichi. Hiyo ndiyo haki yangu tangu nihamie kwake.

Akafuta unga kwenye kanga, akanionyesha. Viinitete viwili vya siku tano, vyake na baba mdogo, vimekuzwa maabara huko Dar baada ya miaka tisa ya ndoa na "bado tu?" za mawifi. Kimoja duara safi, kama kimechorwa kwa bikari. Cha pili kimepinda, pembeni kimemeguka vipande vipande.

"Huyu mzuri wangu," nikasema. "Yule mwingine chapati ya kwanza."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "We mtoto huna adabu! Sema mashallah basi, usimtie kijicho."

"Mashallah kwa huyu mzuri. Yule nani atamwonea kijicho?"

Jina likashika. Hata baba mdogo, mtu asiyejua utani, akirudi kazini anauliza, "Chapati hajambo?"

Halafu vikapimwa kromosomu. Daktari alipopiga simu, mama mdogo aliweka spika ili nami nisikie. Yule mzuri alikuwa nazo arobaini na tano. Imepungua moja, hawezi kupandikizwa. Chapati anazo zote arobaini na sita.

"Mbona alikuwa amependeza, daktari?"

"Sura tunaiangalia, mama, ila haituambii kila kilichomo ndani."

Mimi na B yangu ya baiolojia nikarudi kuzitazama zile picha. Mama mdogo akamlilia yule mzuri kidogo, akajifuta, akanisogezea simu usoni.

"Muombe radhi."

"Nani?"

"Mwanangu. Umemtukana mwezi mzima."

Nikapiga magoti mbele ya simu. "Shikamoo, Mheshimiwa Chapati. Nisamehe. Ukija, ile ya kwanza nakuachia wewe."

"Omba vizuri." Safari hii hakucheka.

"Si nimeomba!" Nikakimbilia mpirani.

Mwezi uliofuata Chapati akapandikizwa. Wiki mbili nzima mama mdogo alitembea kama aliyebeba maji kwenye sinia. Mimi nilifua, nilideki, nilichota maji, na wala sikulalamika, jambo ambalo shuleni hakuna ambaye angeliamini. Kisha akapimwa damu. Mimba haikushika. Daktari alisema hata kiinitete kisicho na kasoro wakati mwingine hakishiki, na sababu haijulikani. Si kosa la mtu, akasema. Nilitamani airudie hiyo, polepole, kwenye spika.

Ilipita Ijumaa moja bila chapati. Iliyofuata mama mdogo akakanda. Ya kwanza ikatoka vilevile, imepinda. Nikanyoosha mkono kwa mazoea, halafu nikaurudisha: nilishamwachia Chapati.

Mama mdogo aliniona. Akaiweka kwenye sahani peke yake, akaifunika kwa kawa. Mafuta yakawa yanachemka.

"Niwie radhi," nikasema. Nililiambia lile kawa, kwa sauti ndogo, bila magoti, bila uheshimiwa.

Mama mdogo hakugeuka. Aligeuza chapati, akaigeuza tena, mpaka ikaungua.