Mzee Breki Aenda Kumwona Dada Yake

Baba yangu hapandi gari lisilo na breki upande wake. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani natia chumvi. Sitii hata chembe. Maisha yake yote ya kazi amefundisha udereva, kakaa kwenye kiti cha abiria cha gari lile lile la zamani, na miguuni pake kuna pedali mbili za ziada alizochomelewa na fundi: moja ya klachi, moja ya breki. Nusu ya madereva wa mji wetu wamepitia mikononi mwake. Wengine walilia humo ndani, wengine walitapika, na mmoja aliyeliingiza gari kwenye duka la vitanda leo ni mkuu wa posta. Wote wanamwita Mzee Breki, naye anaitika bila kinyongo.

Kazi ameacha, mguu haujaacha. Akipanda basi anakanyaga sakafu mpaka abiria wa mbele anageuka kuuliza kulikoni. Akipanda teksi anakanyaga, anakosa pedali, anapiga kelele, na dereva wa watu anakaribia kuingia mtaroni kwa mshtuko. Kaka yangu aliwahi kumpeleka harusini kwa gari lake jipya lenye kiyoyozi. Baba alirudi anatetemeka, akasema lile ni jeneza lenye redio. Kaka hajalisahau neno hilo, na mkewe ndiyo kabisa.

Hilo gari la baba limenizidi umri. Ni la samawati iliyopauka, lina taa za mviringo, gia yake iko kwenye usukani, na kiti cha mbele ni kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Madirisha unazungusha kwa mkono, la nyuma kulia unalisaidia kwa kulivuta. Linanuka petroli, ngozi kuukuu na sabuni ya kufulia, kwa sababu baba huliosha kwa sabuni ya kufulia wala haambiliki. Ukitaja kuliuza anakuangalia kana kwamba umetaja kumuuza mama.

Basi, macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki nacho kitaondoka, lini hajui mtu. Baba alimsikiliza akiwa na kofia yake magotini. Tulipofika nyumbani alikaa sebuleni bila kuwasha redio, na mama alipomletea chai akasema, "Nataka kumwona dada kabla taa hazijazimika."

Dada yake, yaani shangazi yangu, ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki baba akiwa bado anatambaa, na shangazi, naye binti mdogo tu, akambeba mgongoni akienda kuchota maji, akambeba akipika, akambeba mpaka watu wakadhani amezaliwa na kibiongo. Aliolewa mbali sana na kwetu, lakini kila mwaka alipanda basi akaja, na kapu lake, na vijembe vyake kuhusu kitambi cha baba. Kisha magoti yakakataa safari. Miaka imepita sasa. Huzungumza kwa simu kila Jumapili, wote wawili wakipiga kelele kana kwamba umbali ule wanaumaliza kwa koo zao wenyewe.

Kaka akasema atalipa ndege. Baba akauliza breki ya ndege iko wapi. Kaka akasema, haya, gari langu. Sote tukakumbuka jeneza. Likabaki gari kuukuu, na dereva nikabaki mimi, kwa sababu mimi ni fundi mapazia, najipangia siku zangu, na kwa sababu kaka gia ya usukani haiwezi.

Hapa lazima niseme jambo. Baba alinifundisha udereva siku moja tu. Nilikuwa nimeshaanza kulia kabla hatujatoka getini. Kesho yake nilikwenda chuo cha mpinzani wake, ng'ambo ya barabara, mchana kweupe, akiniona, nikafaulu mtihani mara ya kwanza. Hakunisemesha wiki nzima. Sikumwomba radhi, na leo pia siombi.

"Nendeni salama," mama alisema asubuhi ya safari, akitupakilia chupa ya chai na mikate. "Mimi mguu ule nimelala nao miaka yote. Unakanyaga hata usingizini. Wacha nipumzike kidogo."

Tukatoka. Hatujafika mbali, somo likaanza.

"Gia."

"Nimeisikia, baba."

"Umeisikia, mbona hubadilishi? Inalalamika."

"Anayelalamika ni wewe."

"Walikufundisha kushika usukani hivyo kule? Kama unakamua nguo?"

Nikauma meno. Mwenda pole hajikwai, wamesema wahenga, lakini hawakuwahi kwenda pole namna ile huku malori yakiwapigia honi mgongoni. Kila nilipotaka kuongeza mwendo, nilihisi gari linasita. Kila palipotokea baiskeli, tukarushwa mbele, mimi nikapiga kifua kwenye usukani, na mikate ya mama ikaanguka chini. Kwenye kituo cha mafuta tu ndipo palipokuwa na amani. Wauzaji walilizunguka gari, wakaomba kupiga nalo picha, na mmoja akauliza kama kweli limetoka mbali kwa magurudumu yake yenyewe. Baba alishuka, akafungua boneti, akaeleza kila kitu tangu kabureta. Alikuwa na furaha, nami nikamsamehe kama nusu ya makosa yake ya asubuhi.

Nusu iliyobaki ilitungoja mlimani. Barabara ilipanda ikizunguka, kisha ikashuka ndefu. Gari lilipanda likiugua. Tulipoanza kushuka niliona linakuwa zito badala ya kuwa jepesi, halafu ikaja harufu, kama mpira uliosahauliwa juu ya jiko. Nikatazama kipimo cha joto, hakikuwa na neno. Breki ya mguuni mwangu ikaanza kuwa laini, inazama.

"Gia ya chini," baba akasema. Safari hii hakupaza sauti. "Haya. Nyingine ya chini. Usikanyage, iache injini ilishike. Ingia pale kwenye kokoto."

Tukasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba. Baba alishuka, akaliendea la kwanza, akanyoosha kiganja bila kuligusa, akakirudisha haraka. Nilidhani sasa nitakiona cha moto, kwamba nitaambiwa niliyojifunza ng'ambo ya barabara. Sikuambiwa kitu. Alikaa juu ya jiwe la kando ya njia, kofia mkononi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Mguu. Nimeulaza juu ya pedali tangu asubuhi. Kidogo tu, lakini safari nzima. Breki zimeshika njia yote." Akaifuta kofia vumbi ambalo halikuwepo. "Mwanafunzi angefanya hivyo ningemfukuza."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, mengi na matamu, nimeyaweka akiba tangu siku ile ya getini. Nikamtazama usoni, nikayameza yote.

"Kwa nini, baba?"

"Pembeni sioni, mwanangu. Nimekuwa nikiwaficha. Nachungulia dunia kama kwenye mdomo wa chupa. Barabara naiona, lakini vitu vinanirukia tu. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu mtu huyo hapo. Naogopa. Sijawahi kuogopa garini, na leo naogopa tangu tulipotoka nyumbani." Kisha akasema, "Turudi. Sitaki kukuua kwa ajili ya hamu yangu."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia mpaka nikageuka kutazama bonde ili asisikie pumzi yangu. Mtu aliyewatoa woga watu wa mji mzima kakaa juu ya jiwe, naye ameshikwa nao. Na nilijua tukirudi hatutatoka tena. Mwaka ukipita, hata huo mdomo wa chupa utakuwa umezibwa.

"Unataka kumwona shangazi, hutaki?"

"Nataka."

"Basi breki zipoe, tunywe chai."

Tulipoingia tena garini nilimwambia avue viatu. Akaniuliza kama nimepatwa na kichaa. Nikasema avue tu, apandishe miguu juu ya kiti, kiti ni kirefu, hakigombaniwi. Akapandisha, akaikunja, mzee mzima na soksi zake zilizotobolewa na dole gumba. Nikawasha gari, tukashuka kwa gia ya chini, nami nikaanza kumsimulia.

"Kushoto, mama na ndoo kichwani, yuko mbali na lami. Kulia hakuna kitu. Kulia sasa kuna ng'ombe, wamefungwa."

"Kamba ndefu?"

"Fupi."

"Haya."

"Kushoto baiskeli, kapakia mkaa. Ameniona, anatoa nafasi."

Mwanzoni mguu wake ulirukaruka juu ya kiti kila nilipotaja jambo. Baadaye ukatulia. Nilimwambia mabango ya maduka, nguo zilizoanikwa, wanafunzi wanaotoka shule wakirushiana mikoba, mbuzi aliyepanda juu ya gari bovu. Huko mbele akaanza hata kubisha, akasema mbuzi hapandi gari, nimebuni, na nikamwapia. Koo lilinikauka. Tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda vinavyolia, asubuhi tukaendelea hivyo hivyo, na mchana tukafika kwa shangazi.

Nyumba yake ni ndogo, ina baraza la saruji na mlango wa kijani. Binamu yangu, bintiye shangazi, alikuwa amesimama kwenye ngazi anatupungia. Shangazi mwenyewe alikaa kwenye kiti ukutani, pembeni. Baba alishuka kabla sijazunguka kumshika mkono. Akaenda moja kwa moja, mikono wazi, mpaka kwenye ngazi, akamkumbatia binamu yangu.

"Dada," akasema. "Dada yangu, nimefika."

Binamu alibaki na mikono hewani, ananitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Niko huku, mdogo wangu," shangazi akasema.

Baba akageuka mwili mzima, kidogo kidogo, kama anayegeuza gari kwenye kichochoro. Akacheka, akasema huyu mtoto kafanana nawe mno. Sote tukacheka naye, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka.

Hapo ndipo niliponyanyua macho nikamwona shangazi vizuri. Alikuwa amejitanda mtandio, akauvuta ukafunika upande mmoja wa uso. Wakati binamu anamwingiza baba ndani kunawa mikono, shangazi alinishika sketi, akaufunua mtandio kidogo. Upande ule ulikuwa umeteremka wote. Jicho, shavu, pembe ya mdomo.

"Kiharusi," akaninong'oneza. "Mwaka jana. Ulimi ulirudi, uso ukagoma. Niliwakataza watoto wasiseme."

"Shangazi, jamani."

"Sikiliza, mwanangu. Habari za macho yake ninazo. Huyu ataondoka hapa na uso wangu mmoja, auhifadhi mpaka kufa kwake. Usiwe huu. Mkalishe upande wangu mzima, huku. Unanisikia? Nakuomba."

Nilifanya alivyoniomba. Sebuleni palikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, na dirisha moja linaloingiza mwanga mzuri. Shangazi akakaa kando ya dirisha, uso mzima ukiwa kwenye mwanga, mtandio umebanwa vizuri. Nikamwekea baba kigoda upande ule.

Baba alisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Akaanza kumtazama. Hakumtazama kama watu wanavyotazamana. Alianza kwenye paji, akakaa hapo, akateremka kwenye nyusi, kwenye jicho, akashuka pua taratibu, akahama shavuni. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda kidogo kidogo, na midomo ameifumba. Shangazi alitulia tuli. Jicho lake lile zima lilikuwa limejaa maji, lakini hakulifuta.

"Mvi zimekushinda hata wewe," baba akasema.

"Na wewe kitambi hakijapungua."

"Ngozi ni ile ile."

"Mafuta tu hayo."

Wakacheka. Nikavuta pumzi, nikadhani limepita. Baba akanyanyuka, akakishika kigoda kwa mkono mmoja, akakihamishia upande wa pili, akakaa.

"Toa hiyo nguo, dada."

"Ya nini? Si umeshaniona? Chakula kinapoa."

"Nimeona nusu."

Shangazi alinitazama kutafuta msaada. Sikuwa nao. Mkono wake ulikuwa umeushika mtandio chini ya kidevu, umekakamaa.

"Niliugua kidogo," akasema. "Huku pameharibika. Nilitaka ubaki na uso wa zamani, mdogo wangu. Ule uliokulea."

"Ule wa zamani ninao," baba akasema. "Siku zote ninao. Nimekuja kufuata huu."

Shangazi akautoa mtandio mwenyewe, akaukunja, akauweka mapajani, akamgeuzia uso wote.