Masale ya Kaka Yangu na Pini za Ramani

Katika ofisi ya serikali niliyoitumikia enzi ya Mwingereza, ramani ya dunia ilitundikwa ukutani mwaka ule ule kaka yangu alipochukuliwa kwenda vitani. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari ya redio, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhamisha pini zenye vibendera kadiri majeshi yalivyosogea. Kazi ya pili, ambayo ndiyo niliyoajiriwa kuifanya, ilikuwa kutunza daftari la mashamba ya wenyeji wa upande wetu wa Mlima Meru. Nazitaja zote mbili kwa sababu wasimulizi wa vita vile wanaikumbuka ile ya pini tu.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mwingereza aliyependa historia kuliko chakula. Asubuhi moja, pini zilizokuwa zimekwama kwa muda mrefu kwenye mji fulani wa Warusi zilianza kurudi magharibi, naye akatuita makarani wote mbele ya ramani. Alisema si kila pigano hugeuza historia, wala wingi wa maiti si kipimo. Pigano hugeuza historia pale tu ambapo, likishakwisha, hakuna aliyehusika anayeweza kurudi alipokuwa jana yake, awe ameshinda au ameshindwa. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya kalenda. Hata leo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali alipochomeka pini.

Kaka yangu alikuwa kifungua mimba wa mama yetu, na aliacha shamba la migomba na kahawa changa ambalo baba alimkatia kabla ya kufariki. Kwetu Meru mpaka wa shamba hauwekwi kwa waya. Hupandwa masale, ule mmea wa majani marefu usiokufa kwa jua wala kwa mvua, na kila mpita njia hujua kwamba ndani yake kuna mwenyewe. Lakini ipo kanuni nyingine ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho. Mtu akiruhusiwa kulima shamba la mwenzake misimu miwili mitatu, akapanda mgomba na mgomba ukazaa, tayari ana neno la kusema juu ya ardhi ile. Kwa hiyo ukoo unaompenda mtu aliye safarini hauligusi shamba lake. Huliacha liote majani, na kazi pekee inayofanywa ni kupunguza masale ili mpaka uonekane.

Mama alitaka kupanda maharage mle. Ni mimi niliyemzuia. Nilimwambia kwamba akilima yeye, baba mdogo naye atalima, na kaka atakaporudi atakuta shamba lina wenyewe saba. Mama aliweka jembe chini. Alisema mimi ndiye ninayejua karatasi.

Mwaka wa tatu wa vita ikaja amri ya kulipitia daftari upya. Fomu zilikuwa na nafasi mbili mbele ya kila jina: mwenye shamba yupo au hayupo, shamba linalimwa au halilimwi. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu yuko vitani kwa amri ya serikali hiyo hiyo, wala hapakuwa na nafasi ya masale. Nilipofika kwenye jina la kaka yangu niliandika kwa hati yangu nzuri: Hayupo. Halilimwi. Yote mawili yalikuwa kweli. Kisha, kwa kuwa nilitaka kumbukumbu zikamilike, niliandika karatasi ya ziada yenye majina ya wote waliokuwa jeshini, nikaibana na fomu, nikaikabidhi mkono kwa mkono. Mkuu alisema vema.

Uamuzi uliposhuka, mashamba yote yaliyoandikwa kama letu yalihesabiwa kuwa yametelekezwa, yakaunganishwa na shamba kubwa la kahawa la Mzungu jirani, ati kwa ajili ya uzalishaji wa wakati wa vita. Ile karatasi ya ziada nilirudishiwa, ikiwa na maelezo mafupi kwamba haihusiani na suala hili. Ninayo mpaka leo. Masale yalichimbuliwa kwa siku mbili, kwa maana hayang'oki upesi, na mama alikaa pembeni akitazama siku zote mbili. Katika barua niliyomwandikia kaka mwezi ule nilisema nyumbani ni salama.

Alirudi vita vilipokwisha. Lori la jeshi lilimshusha pale Sakina, chini ya mlima, akapanda kwa miguu, na hakuna aliyempokea njiani aliyethubutu kumwambia. Alifika mwenyewe, akasimama kwenye waya wa shamba la Mzungu.

Wiki iliyofuata wanajeshi waliorudi waliitwa uwanjani wapongezwe. Mkuu wetu alihutubia kwa Kiswahili chake safi. Alilitaja bonde moja la Burma, akasema kwamba wana wa mlima huu waliliona kwa macho yao, na kwamba pale ndipo historia ya Mashariki yote ilipogeukia. Kaka aliomba ruhusa ya kuuliza.

"Bwana Mkubwa, bonde hilo nilikuwamo. Tulikaa kwenye tope mpaka viatu vikaota uyoga. Lakini siku tulipoondoka niliwaona wenyeji wa pale wanarudi na mbegu zao, wanapanda mpunga mahali pale pale." Watu walicheka kidogo, wakidhani anatania. "Wao wamerudi kwao. Mimi naomba kuelekezwa, narudi wapi?"

Mkuu alijibu kwamba masuala ya ardhi huletwa ofisini kwa maandishi. Mmoja wa wanajeshi waliorudi akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tuliisikia, kwamba maandishi ndiyo yaliyoanzisha haya.

Niliyaandika mimi mwenyewe malalamiko ya kaka, nakala tatu, bila kosa hata la nukta. Jibu lilisema kwamba taarifa ya daftari iko sahihi. Kwamba iliandikwa na karani mwenyeji anayelijua eneo, ambaye pia ni ndugu wa tumbo moja wa mlalamikaji, na hivyo asingeweza kupatikana shahidi bora zaidi. Nilipewa jibu hilo nilipige chapa. Nikalipiga chapa.

Kwetu aliyekosa hubeba jani la sale kwenda kuomba radhi, na aliyekosewa haruhusiwi kulikataa. Jani langu ilibidi niombe kwa jirani, maana kwetu hayakuwapo tena. Nilimkuta kaka uani kwa mama, akitia mpini kwenye jembe ambalo hakuwa na mahali pa kulipeleka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kama karani au kama mdogo wangu?"

Nilimpa jani. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaligeuza mara moja.

"Nimekusamehe. Mila hainiruhusu kukataa, na unalijua hilo." Akarudi kwenye mpini wake. "Ungesema uongo siku moja tu, mdogo wangu. Neno moja: linalimwa."

Nilimjibu kwamba kumbukumbu za serikali haziandikwi hivyo. Akaniuliza kama nimekula.

Alihamia upande wa Kisongo, kwenye ukame, akafuga mbuzi miongoni mwa Waarusha mpaka alipofariki. Hakuwahi kulizungumza tena. Ramani iliondolewa ukutani, matundu ya pini yakazibwa kwa chokaa.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu niliomba kuliona daftari. Mstari ule ulikuwa pale pale, wino haujafifia. Kanuni zilimruhusu karani kusahihisha kosa lake mwenyewe, kwa kukata neno kwa mstari mmoja na kutia saini pembeni. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliusoma mara ya pili na ya tatu, nikitafuta kosa: hayupo, halilimwi. Halikuwamo. Nikalifunga daftari, nikalirudisha kabatini, nikamkabidhi ufunguo karani aliyekuja baada yangu.