Wamuyu na Jozi Thelathini na Saba

Wamuyu wa Karanja alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: usafi. Kule Molo, alikochuma pareto miaka sita, wenzake walimcheka kwa kufagia hata njia ya kwenda shambani, kana kwamba gavana angepita. Basi mwaka 1966 alipopata kazi ya kutunza stoo ya Jasbir Singh, muuza vipuri vya magari makuukuu mjini Nakuru, alimshukuru Mungu mara mbili. Kwanza kwa paa juu ya kichwa, maana mvua ya Molo ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Pili kwa sababu hakuwa amewahi kuona mahali pachafu kama pale.

Wazungu waliokuwa wakiuza mashamba na kuondoka walimwachia Jasbir magari kwa bei ya kutupa, naye akayafungua moja baada ya jingine. Ekseli za nyuma ndizo zilizomlisha. Ndani ya ekseli mna difu, na ndani ya difu mna gia mbili kuu: krauni, lile duara kubwa lenye meno, na pinioni, kigia kidogo kinacholizungusha. Jasbir alizifunga mbili mbili kwa waya, na girisi yake na vumbi lake, akazirundika sakafuni. Machoni pa Wamuyu, hizo zilikuwa taka tu.

Wiki ya tatu Jasbir akaenda harusini Kisumu. Wamuyu akakunja mikono ya sweta. Alikata waya zote, akaosha kila chuma kwa mafuta ya taa, akatundika krauni ukutani kwa misumari, kubwa hadi ndogo, na pinioni akazipanga kwenye madebe. Jozi thelathini na saba. Alipomaliza alisimama mlangoni akatabasamu peke yake. Palipendeza, tusimnyime haki yake.

Jumatatu Jasbir alipofungua mlango, alishika kilemba kwa mikono miwili.

"Mama! Wewe nafanya nini hapa?"

"Nimepanga, Bwana Singh. Si sasa ni safi?"

"Hii yote iko bwana na bibi! Nasagwa pamoja kiwandani, nazoeana. Wewe napatia kila bwana bibi ya mwingine. Gari nalia huuu mpaka Mombasa!"

Akamwonyesha ukingoni mwa krauni moja namba iliyochorwa kwa sindano ya umeme, nyembamba kama mkwaruzo wa paka. Namba hiyo hiyo ilikuwa kwenye kichwa cha pinioni yake, popote ilipokuwa sasa. Kuhesabu meno hakutoshi, alisema, kwa maana krauni kumi zaweza kuwa na meno sawa na kila moja ikamkataa mgeni. Kisha akasema lile alilokuwa nalo moyoni.

"Mpaka Jumamosi. Kama hapana rudisha jozi zote, wewe rudi Molo."

Wamuyu alienda nyuma ya stoo akalia. Aibu ilimuuma kuliko hofu, kwa sababu hakuwa amewahi kufukuzwa mahali kwa kufanya kazi. Halafu akapenga kamasi, akashusha krauni ya kwanza.

Tarakimu alikuwa amezijua kwenye gumbaru, darasa la watu wazima, lakini hizi zilikuwa zimefifia. Siku nzima alipata jozi tatu. Jumanne akaja na unga wa ngano kutoka nyumbani. Alisugua unga ukingoni, akapangusa kwa kitambaa kikavu, na unga ukabaki ndani ya mikwaruzo: namba zikajitokeza nyeupe. Wamuyu akacheka kwa sauti. Mpaka Alhamisi alikuwa na jozi thelathini na tatu.

Nne zilizobaki hazikuwa na namba kabisa. Hizo alizipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na girisi, akazungusha krauni na pinioni pamoja na kutazama alama. Zile zilizozoeana ziligusana katikati ya jino. Zile ngeni ziligusana pembeni, kama watu wasiotaka kusalimiana.

Ijumaa asubuhi akafika Kipkorir, aliyekuwa akibeba mbao kwa pikapu ya Kimarekani kutoka Elburgon.

"Tope imenimaliza, Singh. Gurudumu moja inazunguka bure, ingine inakaa tu kuangalia. Nataka ile difu ya kubana, yenye inasukuma zote mbili."

"Hakuna," akasema Jasbir.

"Iko," akasema Wamuyu.

Wote wakageuka. Wamuyu alikwenda kwenye lundo la vyuma chakavu vya kuuzwa kwa kilo, akakokota kasha moja la difu, sehemu inayofungiwa krauni, ambalo Jasbir alilitupa huko akidhani limekwama. Alipoliosha alikuwa amechungulia ndani akaona vibati vyembamba vimepangwa kama chapati, kitu ambacho makasha mengine hayakuwa nacho. Akachomeka vipande viwili vya ekseli, kimoja kila upande.

"Shika kasha, Bwana Singh. Sasa zungusha hii."

Jasbir akazungusha. Kwenye difu ya kawaida upande wa pili ungezunguka kinyume bila taabu. Hii ilikataa, ikabana, kisha ikasogea polepole Jasbir alipotia nguvu zake zote. Haikukwama. Ilikuwa inafanya kazi yake.

"Na krauni ya pikapu kama yako ni nyembamba, haitafikia pinioni kwa hii kasha," Wamuyu akamwambia Kipkorir. "Chukua na jozi yake. Niliipata jana."

Jumamosi Jasbir alipita rafu zote ambazo Wamuyu alikuwa amepanga jozi, akitumia kioo cha kukuza. Wamuyu alimfuata nyuma, mikono imefungwa kwenye aproni. Jozi baada ya jozi, namba zilipatana. Kwenye jozi ya ishirini Jasbir aliinua pinioni, akaipeleka dirishani, akarudi akiisoma, na bila kutazama akawa anaiweka juu ya krauni ya jirani.

Wamuyu alimchapa mkono.

"Wacha! Rudisha pale umetoa!"

Sauti yake ilijaa stoo nzima. Ndipo akajua amempiga nani, na akaona Molo yote mbele yake, mvua na vikapu na matope. Jasbir alisimama na pinioni hewani. Kisha akaisogeza taratibu kwenye ile krauni alikoitoa.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo," akasema Wamuyu.

Na mpaka mwaka 1978, alipouza stoo na kuhama nchi, Jasbir hakuweka tena gia chini kabla ya kumwuliza.