Gazeti Kavu Chini ya Kila Kiungo

Kaka yangu mkubwa ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Gazeti. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni msomaji sana, au mmbeya. Msomaji siye, herufi anazijua kwa taabu. Mmbeya, kidogo. Jina alilipata kwa namna anavyofanya kazi. Akimaliza kuunga bomba hafungi mfuko wake wa vifaa akaondoka kama wenzake. Anatandika kipande cha gazeti kavu chini ya kila kiungo, anafungulia maji, kisha anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuomba chai. Atakaa hapo saa nne nzima. Karatasi ikibaki kavu, anaaga. Ikilowa hata tone moja, anakifungua kiungo na kuanza upya, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Jicho hudanganya," husema. "Kidole hudanganya. Karatasi haina ndugu."

Kwa ajili ya karatasi hiyo amepoteza wateja wengi wenye haraka, akabaki na wale ambao kuta zao hazijawahi kuota ukungu. Ameifanya kazi hii miaka thelathini na sita. Goti lake la kulia limekwisha kwa kupigwa kwenye sakafu za watu. Alikuwa na mke, akafariki mapema, na watoto hawakujaliwa. Mtoto wake ni wangu, kitinda mimba wangu, ambaye tangu akiwa na miaka sita alimsomea mjomba wake magazeti ya zamani kabla hayajachanwa. Mjomba alisema ni dhambi kulowesha habari ambayo hujaisikia.

Humo ndimo binti yangu alimookotea mambo yake. Siku moja, akiwa na miaka kama kumi, alisoma kwamba watu wamezidi duniani, joto linapanda, maji yanapungua, na wataalamu wengine wanasema binadamu asipohamia kwingine huko juu atakwisha. Kaka alikuwa anapuliza chai. Akauliza, "Huko juu kuna bomba?"

Mtoto alicheka, lakini kile kipande hakukubali kichanwe. Alikikunja mara nne, akakitia ndani ya daftari. Mimi nilikuwa nakunja mashuka ya zahanati ninayofulia, nikamwona. Mama huona vitu kama hivyo na hulala navyo miaka.

Akasoma, akafika mbali kuliko sisi sote, akawa mtaalamu wa mimea. Mwaka juzi kundi la wanasayansi lilianza kujenga nyumba nje ya mji, palipokuwa na kiwanda cha nguo. Nyumba ya vioo na chuma, isiyopitisha hewa wala maji, humo waingie watu wanane, mlango ufungwe mwaka mzima. Watapanda chakula chao humo humo. Maji watakayooga, jasho lao, hata mkojo, vitachujwa na kurudi kwenye tangi. Walitaka kujua kama watu wanaweza kuishi hivyo, ili siku dunia ikishindwa, wajue pa kuanzia. Binti yangu aliomba akachaguliwa. Na fundi aliyechaguliwa kuunga mabomba, nani? Gazeti. Mhandisi mkuu, mama mmoja mwenye miwani na asiyecheka ovyo, alikuwa amesikia habari za karatasi zake.

Mtaani waliona kichekesho. Jirani yangu mshonaji alinipigia kelele kutoka barazani kwake: "Mama mtu! Nasikia mwanao anahama dunia. Mwambie atuachie kile chumba chake, sisi bado tumo!" Mwingine akadakia: "Na akirudi asitukaribishe maji ya kunywa, tunajua yametoka wapi!" Nilicheka nao. Nyumbani nilimwambia kaka, "Waambie nyumba inavuja. Neno moja tu. Hawawezi kumfungia mtoto kwenye nyumba inayovuja."

"Inavuja wapi?"

"Popote."

"Dada," akasema, "nikisema inavuja na haivuji, kesho nikisema haivuji nani atanisikiliza?"

Basi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu watu hudhani ni kukubali.

Siku ya kujaribu mabomba, jamaa za wale wanane tuliitwa kuitazama nyumba kabla haijafungwa. Kulikuwa na viungo arobaini na moja, na chini ya kila kimoja kipande cha gazeti. Chumba cha mwisho kilikuwa cha maongezi: dirisha la kioo kinene, simu moja ndani na moja nje, ambapo tungeonana nao kila Jumapili. Chini ya dirisha, upande wa ndani, lilipita bomba. Wenzangu walisogea mbele kutazama bustani. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya maji mkononi. Sikupanga. Niliinama kama mtu anayefunga kiatu, nikamimina kidogo, nikawafuata wenzangu.

Saa tisa kaka alipita kukusanya karatasi zake, mhandisi mkuu nyuma yake. Arobaini zilikuwa kavu. Kwenye ile ya dirishani alipiga lile goti bovu, akapapasa kiungo, akainusa karatasi, akaitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Halafu chupa.

"Vipi, fundi?" mhandisi akauliza.

"Imelowa."

"Mbona kiungo naona kikavu?"

"Karatasi imelowa," kaka akasema. "Nafungua."

Alifungua kiungo kizima, akakiunga upya. Kufunga mlango kukaahirishwa siku mbili, na binti yangu akaruhusiwa kurudi nyumbani siku hizo. Hizo ndizo nilizokuwa nazo.

Nilimpikia. Nilimsuka nywele, mtu mzima mwenye shahada, akakaa sakafuni katikati ya magoti yangu kama zamani. Nikamwambia yote ninayoyaogopa: hewa kuisha, moto, ugomvi, meno kuuma na daktari hayupo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanangu wengine hawaliwezi.

"Mama," akasema, "nilipozaliwa maji ya mtaani yalitoka kila siku?"

"Kila siku."

"Sasa?"

"Mara mbili kwa wiki. Tukibahatika."

"Na watu wameongezeka mara ngapi? Nitakapofika umri wako yatatoka mara ngapi?"

Kaka, aliyekuwa amekaa mlangoni ananyoosha mguu, ndiye aliyejibu. "Maji ya mtaani hayapungui kwa kunywewa tu. Bomba kubwa la pale shuleni linamwaga mwaka wa tatu huu. Huko kwenu mmenilipa nizuie tone moja la watu wanane. Kwa nini msizuie hapa kwanza?"

"Mjomba, mtaa una watu elfu tisa."

"Basi wana mikono elfu kumi na nane."

"Na wote wamekaa nayo mapajani, mjomba! Miaka mitatu!"

Kaka akaomba chai. Mimi nilimaliza kusuka, na mlango ulipofungwa, binti yangu alikuwa ndani. Waliruhusiwa kilo mbili za vitu vya binafsi. Wenzake walibeba picha na vitabu. Yeye alibeba nguo na furushi la magazeti ya mjomba wake.

Tangu hapo kila Jumapili nilikwenda dirishani. Alikuwa akiweka karatasi chini ya kile kiungo tangu Jumamosi, na nikifika tu, kabla ya salamu, anaiokota na kuibandika kwenye kioo. Kavu. Ndiyo salamu yetu ikawa hiyo. Nami nilikuwa natazama karatasi kuliko ninavyotazama uso wake, na moyoni najua kwa nini.

Jumapili ya saba karatasi ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Alikuwa amekonda machoni. Akaniambia haraka haraka kwenye simu kwamba maji yamekuwa yakipungua tangini siku tano, wakayasaka kila mahali wasiyaone, kwa sababu yaliingia chini ya mbao za sakafu. Walikuwa wameanza kutupiana macho. Mwenzake mmoja alimwambia usoni kwamba nywele zake ndizo zinazomaliza maji. Jana tu ndipo karatasi ilipoonyesha.

"Nimekaza mpaka mkono umevimba, mama. Nikikaza kinazidi. Kesho asubuhi yatashuka chini ya alama ya mwisho tangini, na yakishuka chini ya alama watafungua mlango. Basi, imekwisha, yote."

"Mhandisi anasemaje?"

"Haruhusiwi kusema. Ndiyo masharti ya jaribio, wataalamu wa nje wasitufundishe neno. Lakini jamaa wanaruhusiwa kuongea, mpaka saa kumi. Mjomba ni jamaa! Mama, mlete mjomba."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Nilitoka.

Nitasema ukweli wa njia ile. Kutoka pale mpaka mtaani kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilitembea mpaka kwenye ukuta wa kile kiwanda, nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimeombwa kitu kimoja tu, na nikikikosa mtoto wangu atalala nyumbani kesho. Sina haja hata ya kusema uongo. Nichelewe tu. Wanawake wa umri wangu huchelewa, miguu huuma, hakuna atakayeuliza. Nilikaa hapo nikiona shuka jipya kwenye kitanda chake. Kisha nikaona yule aliyemlaumu kwa nywele akitoka mlangoni nyuma yake, na wengine sita, na kila mmoja kwa maisha yake yote akisema ni binti yangu aliyemaliza maji. Na kiungo kile kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyefanya kifunguliwe.

Nikainuka. Kwa sababu ya lile jiwe ilinibidi nikimbie, na sijakimbia tangu nizae.

Kaka nilimkuta pale shuleni, ndani ya shimo mpaka kiunoni. Ndiyo, lile bomba kubwa. Tangu binti yangu amjibu vile, kila Jumapili alikuwa akichimba, na mshonaji wa barazani na watu wengine kumi na moja walikuwa wakitoa udongo kwa ndoo. Sikuweza kusema, pumzi haikuwepo.

"Mbona umesimama kama nguzo?" akauliza.

"Karatasi ya dirishani imelowa."

Akaniangalia kutoka kule chini. "Umeilowesha?"

"Safari hii siyo mimi, kaka."

Wale wa ndoo hawakuelewa. Yeye alipanda kutoka shimoni polepole, akishika goti. "Najua siyo wewe," akasema. "Maji ya kiungo huanza chini ya kiungo. Yako, siku ile, yalianzia pembeni kama ya kikombe. Ila ningewaambia ni ya dada yangu, wangemtoa mtoto kwa aibu." Akajifuta mikono. "Na kiungo kikishafunguliwa hakirudi kama cha kwanza. Hilo nililijua pia, nikaomba Mungu. Saa ngapi sasa?"

Mwenye pikipiki aliyekuwa akitoa udongo alitupakia wote wawili. Tulifika saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Kaka hakugusa hata simu. Alitoa mfukoni vipande viwili vya bomba na spana, akavipandisha mbele ya kioo, akaviunga taratibu, mikono juu kabisa ili mpwa wake aone. Kisha akavitenganisha. Akatoa uzi wa katani, akaulowesha kwa ulimi, akauzungusha upande unaofuata meno ya bomba, akaviunga tena. Binti yangu upande wa pili akafunga maji, akafanya vilevile kwa uzi alioufumua kwenye mkoba wa katani aliobebea nguo. Alipotaka kukaza kwa nguvu, kaka aligonga kioo kwa spana. Hapo ndipo aliposhika simu.

"We mtoto, hiyo ni hasira, siyo kukaza. Kaza mpaka kikatae kwa adabu. Kikikataa, achia."

"Kimekataa, mjomba."

"Tandika karatasi, fungulia maji."

Alitandika, akafungulia. Kengele ya saa kumi ikalia, mlinzi akatutoa. Karatasi ilikuwa na dakika mbili tu, na kaka hutaka saa nne.

Wiki hiyo niliyafua mashuka ya zahanati mara mbili mbili bila kujua. Jumatatu mlango haukufunguliwa, hilo nililijua. Lakini maji yanaweza kushuka Jumanne. Yanaweza kushuka Alhamisi. Njiani nilikuwa nikiwaza neno ambalo sikuwahi kumwambia binti yangu: huko juu wanakosema watu wahamie, hata kama bomba lipo, mjomba atasimama dirisha gani? Labda wenye elimu wana jibu. Mimi nilitaka tu kuliuliza.

Jumapili tulikwenda wote wawili, kaka na udongo wa shimo kwenye suruali. Binti yangu alikuwa anatusubiri. Hakupunga mkono. Aliinama, akainuka na karatasi, akaibandika kwenye kioo. Lilikuwa tangazo la zamani la mabati ya kuezekea. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Nililisoma lote, bei na rangi na unene, mpaka mstari mdogo wa mwisho kule pembeni, na hakuna herufi iliyokuwa imechuja wino.